Domeni ya kampuni ya fedha isitaje pesa

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Wengi waliisoma kama habari ya kausha damu, yaani mikopo ya kinyonyaji, na walikuwa na haki, maana kuna watu waliodhalilishwa mbele ya ndugu na mabosi wao kwa deni dogo kabisa. Mimi kazi yangu ni majina ya biashara, na nilipoipitia orodha ile niliona na jambo jingine. Maneno yale yale, pesa, mkopo, cash, loan, yanapangwa na kupanguliwa mpaka macho yanachoka. Mtu aliyeumizwa na programu mojawapo angepata taabu kumtajia jirani yake ni ipi hasa. Na kampuni halali iliyojipa jina la mtindo huo huo ingebidi ianze kuwaeleza wateja wake kwamba yenyewe haimo.

Msimamo wangu ni huu: kampuni ya teknolojia ya fedha inayotafuta domeni, yaani anwani yake ya kudumu kwenye intaneti, isinunue jina linalotaja bidhaa. Iache pesa, iache mkopo, iache haraka na rahisi. Ichukue jina fupi linalotamkika, lisiloeleza kitu au linalodokeza tu, kisha ilijaze maana kwa kazi yake. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na silika. Waanzilishi wengi huniletea majina ambayo karibu yote yana "pesa" ndani yake, na hoja yao ni nyepesi kueleweka: mteja akiliona tu, anajua tunafanya nini. Ni kweli atajua mnafanya nini, ila hatajua ninyi ni nani, na kwenye biashara ya fedha swali hilo la pili ndilo lenye thamani.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiko hasara inakoanzia. Sheria za alama za biashara, yetu ya mwaka 1986 ikiwemo, hudai kwamba alama imtofautishe mwenye nayo na wengine. Wamarekani wana ngazi mashuhuri iliyotokana na kesi ya Abercrombie & Fitch ya mwaka 1976. Chini kabisa lipo jina la kitu chenyewe, ambalo halilindwi. Juu yake yapo majina ya kueleza, kisha ya kudokeza, kisha maneno ya kawaida yaliyohamishwa mbali na maana yake, kama tofaa kwenye kompyuta za Apple, na kileleni maneno ya kubuni. Kadiri unavyopanda ndivyo ulinzi unavyoongezeka, na sababu yake ni ya haki kabisa: hakuna anayeweza kukabidhiwa peke yake maneno ambayo kila mfanyabiashara anayahitaji ili aeleze shughuli yake. Ukijiita Mkopo Haraka, huwezi kumkataza mwingine kusema anatoa mkopo haraka.

Hapo sasa mtaalamu fulani atanitajia Booking.com. Ni kweli kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jina hilo lisajiliwe kama alama. Lakini ilifanya hivyo kwa kuwa wateja walikuwa wameshalizoea kama jina la kampuni moja, tena baada ya miaka ya matangazo ya fedha nyingi na ushahidi wa utafiti wa walaji. Kampuni changa yenye ofisi ya vyumba viwili Sinza, Dar es Salaam, haina miaka hiyo wala fedha hizo. Jina la kueleza ni kiwanja kisicho na hati: unaweza kupandisha ghorofa juu yake, lakini siku jirani akisogeza uzio huna cha kumwonyesha hakimu.

Na majirani watausogeza. Ukinunua domeni yenye maneno mawili ya kawaida, mwenzako atanunua yenye kistari katikati, mwingine atageuza maneno, wa tatu ataongeza "tz" mwishoni. Kwenye mgogoro wa domeni za kimataifa kama .com kuna utaratibu wa usuluhishi unaotumika tangu mwaka 1999, na mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba domeni inafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, kwamba aliyeiandikisha hana haki wala maslahi halali nayo, na kwamba aliiandikisha na kuitumia kwa nia mbaya. Mwenye jina la kueleza huweza kukwama kwenye hoja ya kwanza tu, maana hana alama iliyosimama. Akiivuka hiyo, mpinzani atasema, "Nami nauza mikopo, nimetumia neno la Kiswahili," na hoja ya pili inakuwa mlima.

Kwenye biashara ya viatu hasara hiyo huvumilika. Aliyekosea tovuti atapoteza jozi ya viatu. Kwenye fedha, aliyekosea tovuti anaandika namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya siri, na wakati mwingine anaruhusu majina yote yaliyomo kwenye simu yake yasomwe. Tunaishi kwenye nchi ambayo meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imewafikia karibu wote wenye simu, na bado ingali inawapata watu. Katika mazingira hayo kila jina linalokaribiana na lako ni mlango wa tapeli. Ndiyo maana nasema thamani ya domeni ya fedha ni umbali: umbali kati yake na jina lolote jingine ambalo mteja aliyechoka, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, anaweza kulidhania kuwa ndilo.

Hasara ya pili huja baadaye, kampuni ikishakua. Programu ya mikopo tunayoijua leo kama Tala ilianza Kenya mwaka 2014 ikiitwa Mkopo Rahisi, jina ambalo kila Mkenya alilielewa papo hapo. Mwaka 2016 likaachwa. Kampuni ile baadaye imefanya kazi Ufilipino, Meksiko na India, na huko "mkopo rahisi" ni sauti tupu isiyokaa mdomoni. BitPesa, iliyoanza Nairobi mwaka 2013 kwa kusafirisha fedha kupitia bitcoin, ilijiita AZA mwaka 2019, wakati shughuli zake zilipokuwa pana kuliko sarafu hiyo iliyoandikwa kwenye jina. TransferWise ya London, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya kutuma fedha ng'ambo, ilipofika mwaka 2021 ilikuwa na akaunti na kadi, ikaikata sehemu ya mbele ya jina na kubaki Wise. Zote tatu zilikuwa na uwezo wa kubadilika bila kuzama. Kampuni ndogo ikibadili jina hubadili barua pepe za wafanyakazi wote, viunganishi vilivyomo kwenye mifumo ya washirika, risiti, mikataba, mabango ya mawakala na nyaraka za leseni, huku mteja akijiuliza kama kampuni imeuzwa au imefilisika.

"Lakini M-Pesa?" Swali hili sijawahi kulikwepa, na linastahili jibu refu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, jina lake linataja pesa waziwazi, na hakuna jina la fedha Afrika Mashariki linalolifikia. Ila tazama lilipanda juu ya nini. Lilikuja ndani ya laini ambayo mteja alishakuwa nayo, likaitwa kwa kubonyeza nyota na namba fupi, likapakwa rangi kwenye vibanda vya mawakala kila mtaa. Hakuna aliyeandika anwani ya tovuti ili kumtumia mama yake hela kijijini. Mtandao wa simu ndio uliolilinda jina. Waliofuata walichukua mkia ule ule: Tigo Pesa, HaloPesa, AzamPesa, T-Pesa. Neno "pesa" hapo halimtofautishi yeyote, kinachotofautisha ni jina la mbele, ambalo ni la kampuni mama. Ndiyo sababu Tigo ilipogeuka kuwa Yas mwishoni mwa mwaka 2024, Tigo Pesa nayo haikuweza kubaki, ikawa Mixx by Yas. Nusu yake iliyobaki ilikuwa ya kila mtu. Kampuni changa isiyo na laini za simu wala vibanda ikiiga M-Pesa inaiga sehemu ambayo haikuleta ushindi.

Wapo pia wanaoamini kwamba neno la bidhaa ndani ya domeni huipandisha tovuti kwenye Google. Zamani ilisaidia. Septemba 2012 Google ilibadili mfumo wake mahsusi ili tovuti dhaifu zisipande kwa sababu tu anwani yake inafanana na kinachotafutwa. Ushauri huo una zaidi ya miaka kumi tangu uzeeke, na bado unauzwa.

Wanaonisumbua zaidi ni wale wasemao domeni haina maana tena kwa kuwa wateja wako kwenye aplikesheni. Mteja hashindi kwenye tovuti, nakubali. Lakini barua pepe ya kumthibitishia muamala inatoka kwenye domeni. Kiunganishi kilicho kwenye meseji kinaelekea kwenye domeni. Sera ya faragha inayodaiwa na duka la Google inakaa kwenye domeni, na mfumo unaozungumza na benki mshirika unapita hapo hapo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua pepe kwa wingi wathibitishe kiufundi kwamba ujumbe unatoka kweli kwenye domeni yao, la sivyo ujumbe unakataliwa au kutupwa kwenye taka. Na ofisa wa benki anayekagua kampuni kabla ya kusaini mkataba huanza na anwani ya barua pepe. Akiona ya bure, au jina linalofanana na programu tatu zilizofungiwa, kazi yako inakuwa imeanza kwa kujitetea.

Jina zuri basi lina sura gani? Kwetu majina husafiri kwa mdomo kabla ya kufika kwenye kidole: redioni, kwa wakala, kijiweni, kwa shangazi anayempigia mpwa wake. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza ni la sikio. Litaje jina mara moja kwa simu, kwa mtu asiyelijua, umwambie aliandike. Hapo ndipo majina mazuri kwenye karatasi huanguka. Wapo wasemaji wanaobadilishana l na r. Wapo wanaotamka dh kama z, na gh kama g. Neno linaloanza na m inayosimama kama silabi, Mganda au Mnyarwanda huweza kulisema kwa irabu katikati na kuliandika hivyo. Herufi c, q na x humfanya msikilizaji abahatishe, na herufi pacha haisikiki kabisa. Tangazo la Mixx halina budi kuonyesha kwa macho kwamba x ziko mbili. Kampuni kubwa inaweza kulipia mabango ya kufundisha jambo hilo, ndogo haiwezi. Namba iliyowekwa badala ya neno, na kistari, huongeza kosa jingine juu ya hayo.

Muundo unaokaa vizuri kwenye vinywa vya Kibantu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Tala limefuata njia hiyo, na vivyo hivyo Nala, kampuni iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes. Ni majina mazuri, na hapo hapo yanaonyesha tatizo la kizazi hiki: yanatofautiana kwa herufi moja, na yote ni ya fedha. Nafasi yenyewe ni finyu. Chukua konsonanti 18 na irabu 5, maneno ya silabi mbili za namna hiyo hayazidi 8,100, na humo ondoa yenye maana mbaya, yaliyokwisha kuandikishwa na yanayofanana mno. Ongeza silabi moja tu, unapata maneno 729,000. Kwa sababu hiyo siku hizi nawashauri wateja wangu wasililie herufi nne. Silabi tatu zenye mdundo mzuri zinakumbukika vilevile, zinapatikana kwa bei ya kawaida ya kuandikisha, na zina umbali. Ufupi peke yake haujawahi kutosha. Elon Musk alianzisha X.com mwaka 1999, herufi moja tupu, kisha kampuni ilipoungana na Confinity, iliyokuwa na huduma ya PayPal, na ikabidi libaki jina moja, lililobaki ni PayPal. Domeni ile aliinunua tena mwaka 2017.

Kabla ya kulipenda jina, lipeleke kwa wasemaji wa lugha nyingine. Mavi ni rangi ya buluu kwa Kituruki na ni jina la kampuni kubwa ya jinzi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Jina lako nalo linaweza kuwa hivyo hivyo kwa Kiganda, Kilingala, Kisomali au Kifaransa cha Bujumbura, na kumuuliza msemaji mzawa hakugharimu kitu. Kwenye fedha kuna na mipaka ya kisheria: neno "benki" halitumiki bila ruhusa ya benki kuu, hapa na Kenya pia. Mwaka 2021 kampuni ya Chime ya Marekani, ambayo si benki bali hufanya kazi kupitia benki washirika, ilikubaliana na msimamizi wa huduma za fedha wa jimbo la California kuacha kujiita benki, na miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni neno "bank" ndani ya anwani ya tovuti yake.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba usajili mmoja unatosha. Jina la kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni jambo moja, alama ya biashara ni jambo jingine hata kama ofisi ni hiyo hiyo, na domeni ni la tatu. Alama iliyosajiliwa Tanzania Bara haivuki kwenda Zanzibar, kule ni usajili mwingine kwa BPRA, wakala wao wa usajili. Kenya ni kwa KIPI, taasisi yao ya miliki ya viwanda. Ukishika kimoja hujashika vyote. Benki ya simu ya Uingereza iliyojiita Mondo ililazimika kubadili jina mwaka 2016 baada ya kuwekewa pingamizi la alama, ikawaomba wateja wake wapendekeze jina linaloanza na M, ndipo ikawa Monzo. Ilikuwa bado changa na wateja wake waliipenda, kwa hiyo pigo lile likageuka tangazo. Si kila mtu atapata wateja wavumilivu kiasi hicho. Utaratibu wangu ni kutafuta kwenye madaftari yote matatu siku moja, na kuomba alama wiki ile ile domeni inaponunuliwa.

Kuhusu mkia wa domeni, chukua .com na wa nchi unayofanyia kazi, .co.tz au .co.ke, kisha uelekeze moja kwenye nyingine. Wa nchi unamwambia mteja kwamba upo mahali ambapo sheria inakufikia, na .com itakufaa ukivuka mpaka. Mikia ya mtindo ina hatari zake. Ule wa .io ni wa eneo la Uingereza kwenye Bahari ya Hindi, ambalo mkataba uliosainiwa Mei 2025 ulikusudia kulikabidhi kwa Mauritius, kwa hiyo uhai wake sasa umefungamana na siasa za visiwa vya Chagos. Mwaka 2023 Gabon ilipouchukua tena usimamizi wa .ga kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikigawa majina ya bure, mamilioni ya domeni yalifutwa. Fedha za watu hazijengewi hapo.

Kama jina unalolitaka lina mwenyewe, tumia dalali asiyetaja kampuni yako, maana bei hupanda muuzaji akisikia mna wawekezaji. Malipo yapite kwa mtu wa kati anayeshika fedha mpaka domeni ihamishwe. Kabla ya kulipa, tazama kwenye hifadhi ya Wayback Machine domeni hiyo ilifanya nini zamani. Kama ilikuwa ya kamari au ya utapeli, barua zako zitakuwa zinaangukia kwenye taka kwa dhambi za mwingine. Na usilewe na bei za kwenye habari. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, na mtandao uliojengwa juu yake haukudumu.

Baada ya kununua, angalia ni jina la nani limeandikwa kwenye usajili. Nimekuta mara nyingi domeni ya kampuni yenye wateja maelfu ikiwa kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti, kwa barua pepe yake binafsi, na kijana ameshahamia kazi nyingine. Domeni hainunuliwi moja kwa moja, inakodiwa kwa miaka, na asiyelipa hupokonywa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1999 wateja wa Hotmail walishindwa kuingia kwa kuwa Microsoft ilisahau kulipia passport.com, na aliyeilipia, dola 35, alikuwa mtaalamu wa kompyuta asiye mwajiriwa wao. Lipia miaka mingi kwa mkupuo, weka usajili kwa jina la kampuni, omba kufuli ya msajili inayozuia uhamisho, na andikisha mwenyewe makosa ya tahajia yanayotabirika kabla tapeli hajayaandikisha.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo haiko mikononi mwa kampuni. Benki Kuu inapochapisha majina ya wenye leseni, ingeweka kando ya kila moja domeni yake rasmi na jina linaloonekana kwenye meseji zake, ili mwananchi awe na kitu cha kulinganisha. Na wasimamizi wa mkia wa .tz tayari wana vyumba vinavyotolewa kwa uangalifu: go.tz kwa serikali, ac.tz kwa vyuo, hata hotel.tz kwa hoteli. Duniani mkia wa .bank, uliofunguliwa mwaka 2015, hautolewi mpaka mwombaji athibitishwe. Hakuna kinachozuia chumba cha namna hiyo kufunguliwa ndani ya .tz kwa watoa huduma za fedha wenye leseni, kikitolewa baada ya Benki Kuu kuthibitisha na kufungwa siku leseni inapofutwa.